Ahmad ibn Majid: Mwalimu wa bahari aliyebebeshwa lawama ya Malindi

Mwezi Aprili mwaka 1498 merikebu tatu za Kireno zilitia nanga mbele ya mji wa Malindi, katika pwani ya Kenya ya leo. Siku chache baadaye zilitweka matanga na kuelekea Bara Hindi, zikiongozwa na rubani aliyepatikana mjini humo. Safari hiyo ya Vasco da Gama ilifungua ukurasa mpya, na mchungu, katika historia ya Bahari ya Hindi.

Rubani huyo alikuwa nani? Kwa miongo mingi vitabu vya historia, vikiwemo vya shule, vimekuwa vikilitaja jina moja: Ahmad ibn Majid, baharia na mtunzi wa mashairi kutoka Ghuba. Wapo wanaolitaja jina hilo kwa fahari, wakisema kuwa Mreno asingefika India bila ya elimu ya Mwarabu. Wapo pia wanaolitaja kwa uchungu, wakisema kuwa mwana wa bahari hii ndiye aliyemwonyesha mgeni mlango wa nyumba.

Huenda pande zote mbili zinamzungumzia mtu ambaye hakuwepo. Watafiti waliozipitia upya nyaraka za Kireno na za Kiarabu wameona kwamba ushahidi wa kumweka Ibn Majid Malindi katika mwaka huo ni dhaifu mno. Zaidi ya hayo, kisa cha siku chache kimefunika maisha marefu ya mtu aliyeandika takriban vitabu na mashairi 40 kuhusu namna ya kuvuka bahari, kuambaa na pwani zenye miamba, na kufika salama.

Mtoto wa Julfar

Ahmad ibn Majid alizaliwa Julfar, mji wa bandari uliokuwa jirani na Ras al-Khaimah ya leo katika Falme za Kiarabu. Wanahistoria wengi wanakisia kuwa alizaliwa katika miaka ya 1430. Julfar ilikuwa mji wa wapiga mbizi wa lulu, wafanyabiashara na mabaharia, na vyombo vyake vilikwenda India, Yemen na pwani ya Afrika Mashariki.

Ubaharia kwake ulikuwa urithi. Babu yake alikuwa rubani, na baba yake pia, na wote wawili walibobea katika Bahari ya Shamu, ambayo kwa wingi wa miamba na mafungu yake ilihofiwa kuliko bahari kuu. Baba yake alipewa lakabu ya rubani wa pwani mbili, yaani ya Uarabuni na ya Afrika, na alitunga shairi la beti zaidi ya 1,000 kueleza njia za bahari hiyo.

Ibn Majid alilelewa katika elimu hiyo, lakini hakuipokea bila ya kuipima. Alieleza katika maandishi yake kwamba babu aliweka msingi, baba akaongeza, na yeye mwenyewe akasahihisha makosa ya wote wawili kwa yale aliyoyaona kwa macho yake. Aliwaheshimu pia waandishi watatu mashuhuri wa zama za Abbasiya, waliojulikana kama simba watatu wa bahari, na akajihesabu kuwa wa nne baada yao. Hata hivyo aliwakosoa kwamba walikusanya habari za watu wengine, ilhali mengi ya yale waliyoyaandika hawakuyajaribu wao wenyewe baharini.

Hapo ndipo ulipo msimamo wake wa maisha. Kwake yeye, habari isiyopimwa kwa safari haikutosha kukabidhiwa roho za watu walio chomboni.

Elimu iliyowekwa katika beti

Mwaka 1462 alikamilisha utenzi mrefu wa beti zaidi ya 1,000, uitwao Hawiya, uliokusanya misingi ya elimu ya bahari. Karibu miaka 28 baadaye, kiasi cha mwaka 1490, alimaliza kitabu chake kikubwa cha nathari, Kitab al-Fawa'id, yaani kitabu cha mafunzo yenye manufaa. Kitabu hicho kina sehemu 12. Kinaeleza asili ya ubaharia, vituo vya mwezi angani, sehemu za dira, njia, vipimo vya nyota, visiwa vikubwa na misimu ya safari. Sehemu ya mwisho inaieleza Bahari ya Shamu, mwamba kwa mwamba na kisiwa kwa kisiwa.

Msomaji wa leo anaweza kujiuliza kwa nini mtu afundishe urubani kwa mashairi. Jibu linaeleweka kwa urahisi katika pwani ya Waswahili, ambako kwa karne nyingi tenzi zimetumika kufundishia dini, adabu na tarehe za watu. Karatasi chomboni huloa na usiku haisomeki, lakini ubeti uliohifadhiwa kichwani hauloi. Rubani aliyeshika usukani usiku wa manane aliweza kuukumbuka mstari unaomwambia nyota ipi aitazame na mwamba upi auepuke.

Ibn Majid alitaja pia tabia anazopaswa kuwa nazo mwalimu wa chombo. Alimtaka akikague chombo kingali nchi kavu, kabla hakijashushwa majini, na ayajue mapungufu yake yote. Alimtaka alale kidogo, awe mwadilifu na mpole kwa abiria na mabaharia, na asiidharau dalili yoyote: ndege waliopita, rangi ya maji, majani yanayoelea, matope yaliyopanda na bildi, upepo uliogeuka.

Dira, zamu na vidole

Ibn Majid aliigawa dira katika sehemu 32, na nyingi ya sehemu hizo zilipewa majina ya nyota, kulingana na mahali zinapochomoza na zinapotua. Umbali wa safari ulihesabiwa kwa kipimo kilichoitwa zam, yaani mwendo wa saa tatu, hivyo usiku na mchana vilikuwa na zam nane. Neno hilo limebaki katika Kiswahili kama zamu. Vivyo hivyo neno dira, ambalo kwa Ibn Majid lilikuwa na maana ya njia ya baharini, kwetu limekuwa jina la chombo chenyewe cha kuonyeshea njia. Rubani, usukani, msimu na mwalimu ni maneno mengine ya jamii hiyo hiyo.

Ili kujua chombo kimefika wapi kati ya kaskazini na kusini, rubani alipima urefu wa nyota kutoka upeo wa bahari. Kipimo kilikuwa kidole, na kidole kimoja kilikuwa zaidi kidogo ya digrii moja na nusu. Mwanzoni vilitumika vidole vyenyewe, mkono ukiwa umenyooshwa. Kisha vikatumika vibao, na baadaye kibao kimoja chenye kamba ya mafundo, ambayo rubani aliishika kwa meno ili umbali kati ya jicho na kibao usibadilike.

Msomaji aliyeko mbali na bahari anaweza kuielewa elimu hii bila ya kupanda chombo. Tuchukue mfano wa Richmond Hill, kaskazini ya jiji la Toronto nchini Kanada, eneo ambalo nalo lina historia yake ya kutazama nyota. Hapo ndipo kilipofunguliwa mwaka 1935 kituo cha David Dunlap, chenye darubini ya kioo cha upana wa mita 1.88, ambayo wakati huo ilikuwa ya pili kwa ukubwa duniani. Mwenyeji wa Pwani anayeishi huko akitoka nje usiku wa mbingu safi na kutazama kaskazini, ataiona nyota ya ncha ya kaskazini ikiwa juu sana, kiasi cha digrii 44 kutoka upeo wa macho, karibu nusu ya njia ya kufika utosini.

Mtu huyo huyo akisafiri hadi Ras al-Khaimah, nyota hiyo itakuwa imeshuka hadi digrii 26 hivi. Akiwa Aden ataiona kwenye digrii 13, na Mogadishu itakuwa inakaribia kugusa maji, kwenye digrii mbili. Akifika Malindi, kusini ya ikweta, haitamfaa tena kwa kipimo. Waarabu waliiita nyota hiyo Jah, na rubani aliyetoka Ghuba kwenda Kilwa aliishuhudia ikididimia usiku baada ya usiku hadi ikamtupa mkono.

Ibn Majid aliwafundisha mabaharia la kufanya hapo. Jah ikiwa chini mno, hupimwa Farkadani, zile nyota mbili zinazoizunguka ncha ya kaskazini. Nazo zikishuka, hutazamwa nyota za Dubu Mkubwa, na upande wa kusini hutumika Suheli na nyota za Msalaba. Kwa njia hiyo baharia hakupotea kwa sababu tu ya kupoteza nyota moja.

Kuambaa na mwambao wa matumbawe

Ibn Majid aligawa njia za baharini katika mafungu matatu. Ya kwanza ni njia ya kuambaa na pwani. Ya pili ni njia ya kuvuka bahari kuu moja kwa moja, kutoka pwani hadi pwani. Ya tatu ni njia inayobadilishwa katikati ya bahari, rubani anapoacha mwelekeo mmoja na kushika mwingine kwa makusudi.

Mtu asiyeijua bahari anaweza kudhani kuwa kuambaa na pwani ndiko kwepesi. Kwa rubani mambo yalikuwa kinyume chake. Katika bahari kuu chombo kina nafasi, lakini karibu na nchi kavu kosa la hatua chache humaliza safari. Pwani ya Afrika Mashariki ina ukuta wa matumbawe karibu sehemu yake yote, kuanzia visiwa vya Wabajuni, kupitia Lamu, Mombasa, Pemba, Unguja na Mafia, hadi Msumbiji. Kati ya ukuta huo na nchi kavu mara nyingi kuna maji tulivu. Anayetaka kuyafikia lazima aujue mlango, yaani upenyo wa kupitia kwenye mwamba, na aujue kwa alama za nchi kavu: mlima, kundi la mibuyu, mnara wa msikiti.

Maji kujaa na kupwa huzidisha ugumu huo. Zanzibar, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji makuu na maji madogo hufikia kiasi cha mita nne. Mwamba uliopitwa asubuhi bila ya kuonekana, jioni huwa umetoka nje ya maji. Kwa hiyo vyombo vidogo vya mwambao vilizoea kusafiri mchana, jua likiwa juu au nyuma ya rubani ili aweze kuisoma rangi ya maji: samawati iliyokolea ni kilindi, kijani ni mchanga ulio karibu, na weusi au hudhurungi ni mwamba au majani. Jioni walitafuta kisiwa cha kuwakinga na upepo wakatia nanga, wakasubiri alfajiri.

Visiwa katika safari ya namna hii vilikuwa maji ya kunywa, kuni, usingizi na habari za mbele. Ibn Majid aliihesabu Zanzibar miongoni mwa visiwa kumi vikubwa vya ulimwengu alioujua, pamoja na Madagaska, Sumatra, Java, Sokotra na Bahrain. Pemba ilijulikana kwa mabaharia wa Kiarabu kama kisiwa cha kijani.

Alitunga pia shairi refu kuhusu njia ya kwenda Sofala, bandari ya dhahabu iliyoko Msumbiji ya leo. Shairi hilo linapita katika pwani ya Waswahili na linataja vipimo vya nyota kwa ajili ya bandari zake. Ni mojawapo ya maelezo ya kina zaidi ya urubani wa pwani yetu yaliyoandikwa kabla ya utawala wa Wareno.

Kaskazi na kusi

Sehemu ya 11 ya kitabu chake kikubwa inahusu misimu. Upepo wa kaskazi, unaovuma kuanzia kiasi cha Desemba hadi Machi, uliwaleta mabaharia kutoka Arabuni na India. Upepo wa kusi, unaoanza mwezi Aprili, uliwarudisha. Katikati ya mwaka kusi huchafuka kiasi cha kufunga bandari za pwani ya magharibi ya India, hivyo tarehe ya kuondoka ilikuwa jambo la uhai na mauti.

Mpangilio huo wa pepo ndio unaoeleza kwa sehemu kubwa utajiri wa Kilwa. Chombo kilichotoka Ghuba kwa kaskazi kiliweza kufika Kilwa, kikauza na kununua, kisha kikarudi kwa kusi ya mwaka huo huo. Aliyetaka kwenda mbali zaidi, hadi Sofala, alihatarisha msimu wa pili. Kwa hiyo Kilwa ikawa kituo cha kukusanyia dhahabu na pembe za ndovu kutoka kusini, na mji aliouona msafiri Ibn Battuta mwaka 1331 ukajengeka kwa faida ya biashara hiyo.

Siku chache za Malindi

Wareno walipoingia katika bahari hii hawakuwa na elimu hiyo. Walipokuwa wakipanda kutoka Msumbiji mwanzoni mwa Aprili 1498, merikebu yao ya São Rafael ilikwama juu ya mwamba katika eneo la Tanga, wakalazimika kusubiri maji yajae ndipo ielee tena. Mombasa walishukiwa, na usiku watu waliogelea hadi kwenye merikebu zao kujaribu kuzikata kamba za nanga.

Malindi, iliyokuwa na ushindani wa muda mrefu na Mombasa, iliwapokea vizuri. Bandarini humo walikuta vyombo vinne vya wafanyabiashara kutoka India. Jambo hili mara nyingi husahauliwa, nalo lina uzito mkubwa. Njia ya kutoka Malindi hadi Malabar haikuwa siri ya mtu mmoja. Ilijulikana na kila rubani aliyeifanyia kazi, na warubani wa namna hiyo walikuwepo bandarini, kwenye vyombo vyao.

Sultani aliahidi kuwapatia rubani. Siku mbili zilipopita bila ya mjumbe kutoka nchi kavu, Vasco da Gama alimkamata mtumishi wa karibu wa sultani aliyekuwa amepanda merikebuni, akatuma ujumbe kwamba anamtaka rubani wake. Rubani aliletwa na mtumishi akaachiwa. Tarehe 24 Aprili merikebu ziliondoka kwa upepo wa kusi uliokuwa ndio kwanza unaanza, na tarehe 20 Mei zilitia nanga karibu na Calicut.

Safari ya kurudi ilionyesha thamani ya elimu ya misimu. Wareno hawakungoja kaskazi ishike vizuri. Waliiacha pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba na kuiona Mogadishu mapema Januari 1499. Bahari waliyoivuka kwa siku 26 kwenda, iliwachukua karibu miezi mitatu kurudi. Watu 30 walikufa njiani kwa ugonjwa wa ufizi, na waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu. São Rafael ilichomwa moto katika eneo lile lile la mwamba ilipokwama miezi tisa kabla.

Lawama inavyoanza

Je, jina la Ibn Majid liliingiaje katika kisa hiki? Mwandishi wa kwanza kumtaja ni Qutb al-Din al-Nahrawali, mwanahistoria wa Makka aliyefariki mwaka 1582. Katika kitabu chake kuhusu ushindi wa Waturuki nchini Yemen, kilichoandikwa zaidi ya miaka 70 baada ya safari hiyo, alidai kwamba Wafaranga walionyeshwa njia na baharia stadi aitwaye Ahmad ibn Majid, baada ya kulewa pamoja na mkuu wao. Maelezo yake hayaitaji Malindi, wala hayalingani na mambo yalivyokwenda huko.

Nyaraka za Kireno zinasema mengine. Shajara ya safari, iliyoandikwa na mtu aliyekuwemo merikebuni, inasema rubani alikuwa Mkristo, na inafahamika kwamba Wareno katika safari hiyo waliwadhania Wahindu kuwa Wakristo. Waandishi wa baadaye, akiwemo João de Barros, walimtaja kama Mwislamu wa Gujarat kwa jina la Malemo Cana. Malemo si jina la mtu, bali ni mwalimu, cheo cha rubani, na neno la pili linahusishwa na lugha za India kwa maana ya mnajimu. Hakuna mwandishi wa Kireno wa zama hizo aliyelitaja jina la Ibn Majid.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mswada wa kazi za Ibn Majid ulitambuliwa katika maktaba ya taifa mjini Paris, na msomi wa Kifaransa Gabriel Ferrand akauchapisha katika miaka ya 1920. Yeye ndiye aliyeunganisha kauli ya al-Nahrawali na rubani wa Malindi. Kwa vile mtu huyo mashuhuri alikuwa ndio kwanza amegunduliwa upya, dhana hiyo ilipokewa kwa hamu, ikaingia katika ensaiklopidia na kutoka huko hadi madarasani.

Mwaka 1957 msomi wa Kisovieti Theodor Shumovsky, aliyeanza kazi hiyo akiwa mwanafunzi kabla ya kukamatwa mwaka 1938 na kupelekwa katika kambi za wafungwa, alichapisha mashairi matatu ya Ibn Majid yaliyohifadhiwa Leningrad. Shairi la Sofala lilikuwa miongoni mwao, na ndani yake imo mistari inayowataja Wafaranga. Baadhi ya wataalamu wanaona kuwa mistari hiyo iliongezwa na mkono mwingine. Hata ikiwa ni yake, inawazungumzia Wareno kama habari ya bahari na msiba wao, na haisemi kuwa mtunzi aliwaongoza.

Utetezi

Mwingereza Gerald Tibbetts, aliyefasiri kitabu kikubwa cha Ibn Majid na kukichapisha mwaka 1971, alionyesha shaka kubwa juu ya kisa cha Malindi. Mtafiti wa Syria, Ibrahim Khoury, aliipinga dhana hiyo kwa kirefu, na mtawala wa Sharjah, Sheikh Sultan bin Muhammad Al-Qasimi, aliandika kitabu maalumu kumtakasa na tuhuma hiyo. Leo watafiti wengi wa historia ya Bahari ya Hindi hawakubali tena kwamba rubani wa Malindi alikuwa Ibn Majid.

Hoja zao zinaeleweka hata kwa asiye mtaalamu. Mwaka 1498 Ibn Majid alikuwa na umri wa miaka 60 au zaidi, na jina lake lilikwishajulikana sana. Ni vigumu kuamini kwamba mtu wa hadhi hiyo angekaa merikebuni kwa wiki kadhaa na jina lake lisifike masikioni mwa Wareno. Ni vigumu pia kuamini kwamba yeye, aliyependa kueleza safari zake, asingeliandika jambo kama hilo.

Kuna hoja nyingine inayomhusu yule rubani halisi, mtu wa Gujarat ambaye jina lake kamili halikuhifadhiwa. Alitumwa na sultani ambaye mtumishi wake alikuwa mateka, naye alifanya kazi ambayo warubani wa bahari hii waliifanya kila msimu kwa kila mteja. Kilwa ilitozwa kodi kwa nguvu mwaka 1502, na mwaka 1505 Kilwa na Mombasa ziliporwa na jeshi la majini la Francisco de Almeida. Yaliyofanya hayo yalikuwa mizinga na amri ya mfalme wa Ureno. Kumtwisha rubani mmoja mzigo huo wote ni kuwapunguzia waliofyatua mizinga.

Urithi wake

Shairi lake la mwisho lenye tarehe ni la kiasi cha mwaka 1500. Baada ya hapo sauti yake haisikiki tena, lakini kazi yake iliendelea. Sulayman al-Mahri wa pwani ya Hadhramaut aliiendeleza elimu hiyo kwa nathari mwanzoni mwa karne ya 16. Mwaka 1554 Seydi Ali Reis, amiri wa majeshi ya majini ya Uturuki aliyesukumwa na dhoruba hadi India, aliandika kitabu cha urubani wa Bahari ya Hindi akitegemea kazi za Ibn Majid, na akamtaja kwa sifa.

Watu wa kawaida nao hawakumsahau. Mwingereza Richard Burton, aliyesafiri kutoka Aden mwaka 1854, aliwakuta mabaharia wakimsomea Fatiha Sheikh Majid kabla ya kuondoka, wakiamini kuwa ndiye aliyebuni dira. Dira haikubuniwa naye. Lakini miaka zaidi ya 350 baada ya safari ya Malindi, mabaharia hao walimkumbuka kama mtu aliyewafikisha watu salama, na hawakuwa na habari yoyote ya usaliti.

Majahazi bado yanaonekana Lamu, Unguja na Mafia, ingawa mengi sasa yana injini na manahodha wana simu zenye ramani. Mwamba wa matumbawe uko pale pale, na kaskazi na kusi zingali zinapokezana. Nyota pia ni zile zile. Mtu wa Malindi au Kilwa aliyehamia Richmond Hill anapoinua macho usiku wa baridi na kuiona Jah juu ya mapaa ya nyumba, anaweza kunyoosha mkono na kuhesabu vidole kutoka upeo hadi kwenye nyota hiyo. Atapata zaidi ya 25. Ibn Majid angeijua maana ya hesabu hiyo papo hapo, kwamba huyu yuko mbali sana na kwao, na angemweleza njia ya kurudi.